Eneo kati ya y² = x + 3 na y = x/2: jibu linapungua, tunakosea wapi?

kidato6_ngamiani
Shikamooni wakubwa. Tunajisomea kikundi hapa Ngamiani, Tanga, na maswali mawili ya eneo yametukwamisha.

La kwanza: eneo lililozungukwa na y² = x + 3 na y = x/2. Makutano tumepata (−2, −1) na (6, 3). Tukaintigreti √(x + 3) − x/2 kutoka −2 hadi 6, jibu 28/3. Kitabu kinasema 32/3.

La pili: y = x³ − 3x na y = x. Makutano yako x = −2, 0 na 2. Tukiintigreti moja kwa moja kutoka −2 hadi 2 inakuja sifuri, na kwenye grafu eneo lipo, linaonekana.

mwl_raskazone
Marahaba, wanangu. Makutano ni sahihi, na hiyo 28/3 mmeikokotoa vizuri, ila ni eneo la kipande kimoja tu. Choreni grafu, hata ya mkono. Parabola hii imelala ubavu na ncha yake iko (−3, 0), kushoto zaidi ya makutano yenu ya kwanza. Kutoka x = −3 hadi −2 mstari haujaingia bado: parabola yenyewe ndiyo dari, √(x + 3), na ndiyo sakafu, −√(x + 3). Intigrali ya 2√(x + 3) kwenye mipaka hiyo ni 4/3. Jumlisheni na 28/3 mtaona 32/3.

Mimi nisingepita njia hiyo kabisa. Chora ufito mwembamba wa wima ndani ya eneo, usogeze kushoto kwenda kulia. Ncha yake ya chini ikihama kutoka mkunjo mmoja kwenda mwingine, kama hapa kwenye x = −2, ujue utalazimika kugawa. Ulaze ufito: mwisho wa kulia unabaki kwenye x = 2y, wa kushoto kwenye x = y² − 3, toka mwanzo hadi mwisho. Basi intigreti kwa y, kulia toa kushoto:

∫ (2y − y² + 3) dy, kutoka −1 hadi 3

= [y² − y³/3 + 3y]. Kwenye 3 ni 9. Kwenye −1 ni −5/3. 9 + 5/3 = 32/3. Mipaka ni ya y, jamani. Wengi hugeuza mlinganyo vizuri halafu wakaacha −2 na 6 chini na juu ya alama ya intigrali, hapo hesabu yote inaharibika.

La pili: mikunjo inabadilishana nafasi kwenye x = 0. Kushoto x³ − 3x iko juu, kulia y = x ndiyo iko juu. Kutoka −2 hadi 0, intigrali ya x³ − 4x ni 4. Kutoka 0 hadi 2 ni −4, kwa hiyo zimefutana. Gawa kwenye 0, upande wa kulia tumia 4x − x³, jumla ni vizio 8 vya mraba. Kama hujui nani yuko juu, chukua namba moja katikati: x = 1 inatoa −2 kwa mkunjo na 1 kwa mstari.

dada_wa_pure
Kuhakiki la kwanza bila kuintigreti: Archimedes alithibitisha kwamba kipande cha parabola kilichokatwa na mstari ni 4/3 ya pembetatu iliyo ndani yake, ile ambayo pembe yake ya tatu iko pale tanjiti inapokuwa sambamba na mstari. Hapa ni (−2, 1). Kitako kutoka (−2, −1) hadi (−2, 1) ni 2, kimo hadi x = 6 ni 8, pembetatu ni 8. Zidisha kwa 4/3. Ni uhakiki mzuri sana, lakini ni wa parabola na mstari mnyoofu tu, msiupeleke kwenye lile la pili.

pima_ardhi_tanga
Niongeze la kazini. Shamba la minazi linalopakana na Mto Zigi halina mlinganyo, ila eneo lake linatafutwa kwa hesabu hiihii. Unanyoosha mstari wa msingi, kila mita 10 unapima umbali wa pembemraba hadi ukingoni. Tuseme umepata mita 12, 15, 19, 18, 14, 11 na 9. Kanuni ya Simpson: 10/3 × [12 + 9 + 4(15 + 18 + 11) + 2(19 + 14)] = 10/3 × 263, karibu mita za mraba 877. Ukitumia trapeza unapata 875.

Simpson inataka idadi ya vipande iwe shufwa. Vipimo 7 vinatoa vipande 6, sawa. Ukiwa na vipimo 8, kipande cha mwisho kifanye trapeza peke yake uongeze. Na mto ukipiga kona kali katikati ya vipimo viwili, mita 10 ni nyingi mno: shuka hadi 5 kwa mstari mzima, maana kanuni hii haikubali nafasi zisizolingana.