USHAURI: Utafiti wangu wa tabianchi umepata hela ya serikali, shemeji anasema tayari nimenunuliwa

Kipimajoto:
Habari za humu wakuu. Niko uzamili, upande wa tabianchi, na kazi yangu kwa kweli haina ufahari wowote, nakaa na rekodi za zamani za joto zilizoandikwa kwa mkono naziingiza kwenye kompyuta moja moja. Kuna karani mmoja wa zamani huko alikuwa na 7 inayofanana na 1 kabisa, huyo mtu kanitesa miezi mitatu. Sasa andiko letu limepita, fedha zinatoka wizarani. Nilikuwa na furaha yangu mpaka nilipomwambia shemeji. Akacheka, akasema mkono mtupu haulambwi, na nyie watu wa tabianchi mnaulamba wa serikali, serikali inataka sababu ya kutoza kodi, nyie mnaipa sababu, mzunguko umekamilika. Nilimjibu kwa hasira lkn usiku nikakosa usingizi maana sikuwa na jibu la maana. Na kwenye mkataba kuna kipengele sijakielewa, nikitulia nitakiweka hapa. Je nichukue hii hela au nitafute kwingine? Na shemeji nimjibu nini?

Mkaidi_wa_Kale:
Shemeji yako ana akili kuliko unavyompa. Serikali ikiamua inaharibu sayansi, hilo halina ubishi, nenda kasome habari za Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyebebwa na serikali kule Urusi ya Stalin, mwaka 1948 jenetiki (sayansi ya urithi) ilipigwa marufuku kabisa na waliobisha walipoteza kazi, wengine kabla yao walishapoteza hadi uhai. Na huku kwetu siku hizi haihitaji ukali wote huo. Tangazo la fedha linatoka limeandikwa "athari za mabadiliko ya tabianchi kwa" kitu fulani, sasa we mtafiti mwenye njaa utaandika andiko la kusema athari hakuna? Unafinyanga swali lako liendane na tangazo. Hakuna aliyekuhonga, umejihonga mwenyewe.

Mzee wa Maabara:
Mkaidi hapo kwenye tangazo umesema kweli na nitarudi hapo. Ila kijana, shemeji mpe tarehe kwanza.

Kwamba hewa ukaa (kaboni dioksidi) inashika joto, aliyeionyesha kwa mitungi ya vioo juani ni mama mmoja Mmarekani, Eunice Foote, mwaka 1856. Mwanafizikia John Tyndall akapima vizuri zaidi kuanzia 1859. 1896 mwanasayansi Arrhenius wa Sweden akakaa na kalamu akapiga hesabu kwamba hewa ukaa ikiongezeka mara mbili dunia itapanda nyuzi 5 au 6 hivi. Leo hii, baada ya miaka yote hiyo ya fedha za serikali, ripoti ya 2021 ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inakadiria nyuzi 3. Sasa kama hela ya serikali ingekuwa inanunua hofu, mbona kadirio limeshuka?

Halafu huyu utampenda wewe wa rekodi: Guy Callendar, injinia wa mvuke Uingereza, tabianchi kwake ilikuwa kazi ya baada ya kazi. 1938 alikusanya rekodi za vituo 147 akazipiga hesabu kwa mkono akaonyesha dunia imeanza kupata joto. Hakuna wizara iliyomtuma. Wakubwa wa hali ya hewa walimsikiliza kwa adabu na hawakumwamini.

Na kama tatizo ni nani analipa, basi tuangalie waliolipwa na upande wa pili. Wanasayansi wa Exxon, kampuni ya mafuta, miaka ya 70 mwishoni na 80 walikadiria ndani kwa ndani kwamba dunia itapanda kama nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Watafiti walipoyakagua makadirio yale mwaka 2023 wakakuta mengi yamelenga vizuri tu. Richard Muller, mwanafizikia wa chuo cha Berkeley Marekani, alikuwa hawaamini wenzake, akaanza kuhesabu upya mwenyewe na sehemu ya fedha ilitoka mfuko wa familia ya Koch ambao utajiri wao ni mafuta, 2012 akaandika hadharani kwamba amebadili msimamo, joto ni la kweli na karibu lote ni letu binadamu. Fadhili mbuzi utamla mchuzi, hao akina Koch sijui walikula nini.

Nuru_ya_Asubuhi:
Nyongeza ndogo kwa mzee. Watu wanasahau kwamba wanaopinga nao wanalipwa na serikali ile ile. John Christy na Roy Spencer wa Alabama Marekani, wale wanaopima joto la anga kwa setilaiti, wamekuwa wakipata fedha za NASA na mashirika mengine ya serikali kwa miaka mingi, na rekodi yao ndo ilikuwa silaha ya waliosema dunia haipati joto. 2005 kundi lingine likakuta wamekosea kusahihisha mabadiliko ya saa ambayo setilaiti inapita, wakarekebisha, mwelekeo wa joto ukapanda. Nani alifuta fedha zao? Hakuna. Kosa lilikamatwa na wapimaji wengine, basi.

Dada Mhariri:
Kaka zangu mnajibu swali la shemeji lkn Kipimajoto kauliza jingine pia. Mi nimefanya kazi za kuhariri ripoti za miradi ya serikali na nawaambia ushawishi upo, ila sio pale shemeji anapodhani. Sijawahi kuona mtu anaambiwa "badilisha namba iwe kubwa". Nimeona mtu anaambiwa "hii sura tuiache kwanza", na hiyo kwanza haijaisha mpaka leo. Ile ripoti ilikuwa na ramani nzuri sana ya mafuriko, nilikuwa nimeshasahihisha hadi majina ya mito.

Angalieni mifano inayojulikana. 2005 Marekani ilibainika kwamba Philip Cooney, aliyekuwa mtetezi wa makampuni ya mafuta kabla ya kuingia ikulu, alikuwa anapitia ripoti za tabianchi kwa kalamu anachomeka maneno ya mashaka, sayansi yenyewe hakuisomea. Akajiuzulu, siku chache baadaye ExxonMobil wakamchukua. Kanada wakati wa waziri mkuu Harper wanasayansi wa serikali walikuwa hawaongei na mwandishi wa habari mpaka ruhusa itoke juu, na ruhusa ikifika gazeti limeshatoka. Na 2025 Marekani hiyo hiyo iliwaachisha mamia ya waandishi wa tathmini ya taifa ya tabianchi, na wengi walikuwa wanajitolea!

Hata IPCC, muhtasari wa watunga sera unapitishwa na serikali zote mstari kwa mstari. 1995 ilikuwa vita ya neno moja tu, kama mchango wa binadamu "unatambulika" au useme nini, na waliokuwa wanavuta kuupunguza makali ni nchi za mafuta kama Saudi Arabia. Kwa hiyo serikali zikigusa sayansi hii mara nyingi zinailegeza. Shemeji kaona moshi kweli, kakimbilia nyumba isiyoungua.

Mzee wa Maabara:
Dada umemaliza. Naongeza moja nililoahidi, la tangazo. Fedha inachagua swali, jibu haiwezi kuchagua kirahisi hivo, ila swali lisiloulizwa nalo ni hasara. Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii 1958, ilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni, sasa hivi imepita 420. Ukiuangalia mchoro wake kwa karibu, ule wenye meno meno ya misumeno, mwanzoni mwa 1964 kuna pengo. Mashine haikuharibika, bajeti ilikatwa. Kwa serikali ile kazi ilionekana ya kujirudia, kupima kitu kile kile kila siku, nani atalipia? Mimi nikitaka kumwonyesha mtu fedha ya serikali inavyoathiri sayansi namwonyesha lile pengo.

Mkaidi_wa_Kale:
Sawa wazee, lkn bado mnakubali swali linachaguliwa na mwenye fedha. Mi hapo tu ndo nimesimama.

Mzee wa Maabara:
Hapo tumesimama wote mkuu.

Kipimajoto:
Asanteni sana aisee, sikutegemea. Kipengele chenyewe ni hiki: "Mtafiti hatachapisha wala kuwasilisha matokeo yoyote ya mradi bila idhini ya maandishi ya Mfadhili." Msimamizi wangu anasema kila mkataba unakuwa hivo nisaini tu.

Dada Mhariri:
Usisaini mdogo wangu! Kila mkataba hauko hivo. Waandikie kwa upole, omba iwe: mtafiti atampa mfadhili nakala siku 30 kabla ya kuchapisha, mfadhili anaweza kutoa maoni, muda ukipita mtafiti anachapisha. Neno la kuua hapo ni "idhini", maana hawalazimiki kukukatalia, wanakaa kimya tu na wewe unazeeka. Peleka kwa ofisi ya utafiti ya chuo, usiende mwenyewe kama mgomvi.

Nuru_ya_Asubuhi:
Na kabla hujagusa data andika mpango wako wa uchambuzi uuweke hadharani wenye tarehe, kituo gani utakitupa na kwa kigezo gani. Ukimaliza weka rekodi ghafi, zilizosafishwa, na programu ya kompyuta uliyochambulia. Mfadhili mtaje kwa jina mwanzoni kabisa. Atakayesema umenunuliwa mwambie hesabu hizo hapo, rudia.

Kipimajoto:
Mrejesho wakuu, wiki tatu zimepita. Kumbe kile kipengele kilinakiliwa kutoka mkataba wa ushauri elekezi, mtu wa wizarani mwenyewe alishangaa, wamekubali siku 45 za maoni na neno idhini limetoka. Msimamizi kaninunia kidogo lkn nimesaini.

Shemeji je. Zile tarehe alizisikiliza, ya Exxon ikamkaza, akasema bado. Basi nikamfungulia kompyuta nikamwonyesha picha za madaftari ya yule karani, nikamwambia haya, wewe hujalipwa na mtu, nisomee. Alikaa saa mbili. Kuna siku moja mimi nilikuwa nimeandika 31 yeye akang'ang'ania ni 37, nikalinganisha na kituo cha jirani siku ile ile, kweli ni 37. Nikamwambia nitakutaja kwenye shukrani za tasnifu. Akaniuliza hiyo nafasi inalipa kiasi gani.