Tupeane uzoefu: siku zenu za kemo, nani nyumbani alikuinua, na alifanyaje?

Habari zenu wapendwa. Nina saratani ya titi, natibiwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na juzi nimemaliza dozi ya sita ya kemo (dawa za saratani za dripu) kati ya nane. Nne za mwanzo zilikuwa na ile dawa nyekundu (mkojo nao unatoka mwekundu siku moja mbili, msishtuke, ni rangi ya dawa). Sasa nimebadilishiwa. Kila baada ya siku 21 narudi, napimwa damu, nawekwa kanula, dripu inaanza.

Sikuja kuuliza dawa, hiyo ni kazi ya daktari. Nataka tuelezane ya nyumbani.

Mimi aliyeniinua ni wifi yangu. Baada ya dozi ya pili nililala siku nne nimegeukia ukuta, nywele zinabaki kwenye mto kila nikijigeuza. Wote wakawa wananiambia pumzika, mama, pumzika. Wifi akaja na kanga, akanifunga kichwani vizuri, akasema, "Wifi, twende hadi getini tu." Geti liko hatua kama 20. Tukafika, tukasimama kidogo, tukarudi. Kesho yake tukafika kwenye mwembe wa jirani. Wiki ya tatu tukawa tunafika dukani kununua nyanya, na yeye kabeba kigoda cha plastiki ili nikichoka nikae palepale njiani. Watu walitutazama sana. Lakini kile kigoda ndicho kilichonitoa hofu.

Nesi alikuwa ameshaniambia kwamba uchovu wa kemo si kama wa kulima, kulala kutwa nzima hakuumalizi, ila mwendo kidogo kila siku unaupunguza. Nilidhani ananifariji. Siku zangu mbaya ni ya tatu hadi ya tano, hapo tunaishia getini na hatulazimishi. Siku ya kliniki tukitoka mapema tunavuka barabara, tunasimama upande wa bahari, nauacha upepo unipige usoni.

Binti yangu wa darasa la sita ana daftari. Anaandika joto langu asubuhi na jioni, glasi za maji, na kama nimetembea. Siku nisipotembea anaandika "mama kapumzika". Nimelipekua lote, hajaandika hata mara moja "mama kashindwa".

Karibuni, na nyie semeni.

Mvuvi wa Igombe
Pole sana dada, na hongera kwa hizo sita. Mimi nilimuuguza baba, saratani ya tezi dume, alitibiwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Mzee ni mtu wa nyavu toka ujana wake. Dawa mojawapo ikamtia ganzi kwenye vidole, akawa hawezi kufunga vifungo vya shati, na hakutuambia. Tulijua siku mjukuu alipomkuta ameshika sindano ya nyavu analia. Tukamwambia daktari, akapunguza kipimo cha ile dawa, akasema angeambiwa mapema ingekuwa bora zaidi. Hatukumnyang'anya nyavu. Mjukuu alikuwa anafunga mafundo, babu anamwelekeza, wamekaa kwenye mchanga kuanzia saa 11 jua likipoa. Wavu mmoja uliwachukua dozi tatu. Hadi leo tunavulia wavu huo.

Bint Kisauni
Kwetu Mombasa shida ilikuwa wageni. Mgonjwa hutazamwa, ndiyo heshima yetu, na mamangu akipenda watu. Lakini tuliambiwa kuanzia wiki moja hivi baada ya dozi chembe nyeupe za damu, zile zinazomkinga na maradhi, hushuka, mwenye kikohozi asimkaribie. Jamaa wengine waliona twawafukuza. Mama mdogo akatandika mkeka barazani, akaweka birika la kahawa, akawapokea yeye, na mama akawasemesha kupitia dirishani. Alicheka siku zile kuliko alivyocheka mwaka mzima. Jengine ni harufu. Kitunguu kikikaangwa tu hutapika, basi tukapikia kwa jirani. Chakula kilichopoa kilimkubali zaidi, viazi, ndizi, na maji ya ukwaju.

Mama Pacha wa Dodoma
Naomba niseme tofauti kidogo. Mimi niliambiwa "jikaze, usiwaze vibaya, huzuni inakuza saratani" hadi nikaogopa kulia. Nikahisi machozi yangu yanaulisha ugonjwa. Daktari ndiye aliyeniambia kulia hakukuzi uvimbe. Mume alishaondoka. Kaka yangu akaja kutoka kijijini, hakusema jikaze. Alikaa mlangoni akasema, "Lia dada, mimi nipo, naosha vyombo." Akaosha kweli. Nikilia naye anaendelea kuosha. Nikimaliza ananiletea uji na tunazunguka nyumba mara mbili. Mkitaka kutuinua, msituzuie kuumia.

Dereva wa Bajaji
Mama Pacha umenigusa. Mimi niongeze moja, homa. Mke wangu usiku wa siku ya kumi baada ya dozi alipanda joto hadi 38.4. Tukasema malaria, tukampa panadol, tukalala. Asubuhi hajiwezi. Hospitali wakasema chembe nyeupe karibu zimeisha, akalazwa siku sita na antibayotiki za mshipani. Kwa mtu wa kemo, 38 ni dharura hata saa nane usiku, na panadol inaificha tu. Sasa kipimajoto kinaning'inia mlangoni na namba ya wodi imeandikwa ukutani kwa chaki. Na mashangazi wakileta majani ya kuchemsha, tunapokea kwa heshima, ila hayanywewi hadi daktari aulizwe.

Mwanzisha mada
Nimewasomea wote hapa nyumbani. Mama Pacha, wifi amenyamaza muda mrefu kwa yako, kisha akaniuliza kama na mimi nina machozi niliyoyazuia. Ninayo.

Mvuvi, na mimi vidole vya miguu vimeanza ganzi tangu dozi ya tano. Sikuwa nimemwambia mtu. Binti ameshaandika kwenye daftari, na Jumanne daktari atasomewa. Wifi anauliza, mzee alikuwa anavaa viatu gani akitembea? Kandambili zinanivuka miguuni bila mimi kujua.