Naomba ushauri: Hispania, Nepal na Peru ndani ya mwaka mmoja, begi mgongoni na kazi za kujitolea

KibegiTu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Napanga mwaka wa kuzunguka na begi mgongoni, na kila bara nataka nitulie mahali pamoja nijitolee badala ya kupita tu. Pasipoti yangu inahitaji viza ya Schengen (lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja). Ratiba ilivyo sasa:

Machi hadi Juni: Hispania, shamba la mizabibu na mizeituni, kazi kwa malazi na chakula.
Julai hadi Septemba: Nepal. Wiki tatu kwenye kituo cha watoto yatima Kathmandu, kisha kupanda hadi kambi ya chini ya Everest.
Desemba hadi Februari: Peru na Bolivia. Kufundisha Kiingereza Cusco, halafu Njia ya Inka kwenda Machu Picchu.

Begi ninalolitazama ni la lita 65. Mwenye kujua anirekebishe kabla sijalipia chochote. Nawasilisha.

Mhuri

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa, mkuu. Nianze na makaratasi, maana hayo ndiyo yanayorudisha watu uwanja wa ndege.

Hispania miezi minne kwa viza ya muda mfupi haiwezekani. Kanuni ya Schengen ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Hizo 180 hazianzi Januari wala siku viza ilipotolewa: kila siku unapokuwa ndani, unahesabiwa siku 180 kurudi nyuma. Kuvuka kwenda Ureno au Ufaransa hakusaidii, ni eneo lilelile. Na tangu Oktoba 2025 umeanza kutumika mfumo wa kielektroniki unaorekodi kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo ule ujanja wa mhuri uliofifia usiutegemee.

La pili ni zito zaidi. Wengi wanadhani kazi ni ile yenye mshahara tu, na uhamiaji wa nchi nyingi haufikiri hivyo. Nepal, mwenye viza ya utalii haruhusiwi kufanya kazi bila kibali, iwe ya malipo au ya bure. Uingereza inamruhusu mgeni kujitolea, lakini si zaidi ya siku 30, tena kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Hispania ina sheria ya kujitolea, namba 45 ya mwaka 2015: anayekupokea awe taasisi isiyotafuta faida, muandikiane makubaliano, na akukatie bima. Shamba la mtu binafsi linalokuvunisha zabibu kwa kitanda na chakula halimo humo. Mkaguzi wa kazi akiingia pale, atakuona kibarua asiye na kibali. Mitandao kama WWOOF, iliyoanza Uingereza mwaka 1971, inakukutanisha na mwenye shamba. Viza ni juu yako.

Cha kufanya: andikia ubalozi barua pepe ukitaja jina la taasisi, kazi utakayofanya, saa ngapi kwa wiki na tarehe, kisha uulize unahitaji viza gani. Jibu lichapishe utembee nalo. Usijaze "utalii" kwenye fomu huku simu yako imejaa mazungumzo na mwenyeji kuhusu zamu za kazi. Afisa wa mpakani anaweza kuomba kuiona hiyo simu.

Majira

Mhuri kamaliza la viza, mimi naona tatizo la misimu. Umechagua nchi nzuri tatu na ukafika kila moja wakati mbaya.

Machi hadi Juni Hispania hakuna mavuno. Zabibu huvunwa kuanzia Agosti hadi Oktoba, mizeituni kuanzia Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Januari. Nepal, Juni hadi Septemba ni masika yao: maporomoko ya udongo hufunga barabara, ruba wamejaa njiani, mawingu yanaficha milima, na ndege ndogo za Lukla, uwanja wa kuanzia safari ya Everest, huahirishwa siku hata tatu mfululizo. Andes nazo, milima ya Peru na Bolivia, Desemba hadi Machi ni mvua. Februari yote Njia ya Inka hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo hata ungetaka kuloa usingeruhusiwa.

Igeuze: Nepal Aprili na Mei, Peru na Bolivia Juni hadi Agosti, Hispania Septemba hadi Novemba. Ukiingia Hispania Septemba 1, siku ya 90 ni Novemba 29. Zabibu unazikuta, na mwanzo wa mizeituni pia. Usikate tiketi ya Novemba 29 yenyewe. Kata ya siku nne tano kabla, ndege ikiahirishwa usije ukawa mkiukaji kwa kosa lisilo lako.

Njia ya Inka ina kibali cha watu 500 tu kwa siku, na humo wamo wapagazi na viongozi. Lazima upitie wakala mwenye leseni, na tarehe za Juni hadi Agosti huisha miezi mingi kabla. Ukikosa, kuna njia ya Salkantay, isiyohitaji kibali hicho. Ina mwinuko mkali zaidi, inapita kwenye mita kama 4,600.

Mhuri

Nakubaliana na Majira, ila kuna mtego. Ombi la viza ya Schengen halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida unaliwasilisha nchi unakoishi kihalali. Ukifika Lima Julai na kuomba pale kama mpita njia, ubalozi unaweza kukuambia urudi kwenu. Kuingia Septemba 1 maana yake dirisha linafunguka Machi 1. Kwa hiyo chukua miadi ya siku za kwanza za Machi. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45, na muda huo wote pasipoti inaweza kubaki kwao. Tiketi ya Nepal iwe ya katikati ya Aprili, si mapema.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen. Nchi nyingine hudai miezi sita, basi ishi na hiyo sita.

KibegiTu

Aisee, kumbe nilikuwa najipeleka kichwa kichwa. Nimegeuza ratiba. Ila hamjasema kitu kuhusu kituo cha watoto Kathmandu. Wao wamenijibu haraka sana, hawakuuliza hata vyeti, wanataka tu amana itumwe mapema.

Mlezi

Hayo uliyoyaandika mwenyewe ndiyo majibu, ndugu yangu. Mahali pa watoto ambapo hapaulizi cheti cha polisi wala wadhamini, mtu yeyote anaingia. Yeyote.

Tatizo halikomei kwenye kituo kimoja. Nepal imeandikwa sana kwamba watoto wengi walio kwenye vituo hivi wana mzazi aliye hai. Dalali hupita vijijini akiahidi shule, mtoto anapelekwa mjini, kisha uyatima wake unakuwa bidhaa ya kuvutia wageni wenye michango. Mgeni akiongezeka, mahitaji ya watoto yanaongezeka. Australia ilipotunga sheria yake ya utumwa mamboleo ya 2018 ilifika hadi kuitazama biashara hii kama usafirishaji wa watoto. Na hata kituo kikiwa safi, mtoto anayezoea mtu mpya kila wiki tatu na kuachwa kila wiki tatu anaumizwa na hao hao wema.

Nenda kwenye kazi ambayo haitegemei mtoto kukuzoea: kusaidia walimu wazima kwa Kiingereza cha kuzungumza, hesabu za shirika, kurekebisha kompyuta, miche, njia za milimani. Wapime kwa maswali: Usajili wenu namba ngapi, na ofisi gani niulize? Nani anafanya kazi hii nisipokuja? Jibu likiwa "tulikuwa tunamlipa mtu wa hapa", umekuja kumnyang'anya mtu riziki. Ada inagawanywaje? Ninaweza kuongea na waliowahi kujitolea, ambao nitawatafuta mwenyewe na si mliowachagua ninyi?

Amana usitume kwa njia isiyorudisha fedha. Na mwenyeji akisema atakutunzia pasipoti, funga begi uondoke.

Sindano

Nije kwenye mwili. Peleka ratiba hii kliniki ya wasafiri wiki sita hadi nane kabla ya kuondoka.

Homa ya manjano: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 dozi moja inatambulika maisha yote hata kama kitabu kimeandikwa miaka 10. Nyanda za chini za Bolivia na misitu ya Peru ndiko inakohitajika. Ni chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa), na zile hai nyingine za sindano huchomwa siku hiyo hiyo au zipishane siku 28, ndiyo maana kliniki ya dakika za mwisho inakwama.

Kichaa cha mbwa wengi wanaruka, na Nepal si pa kuruka. Dozi mbili kabla ya safari, siku ya 0 na ya 7. Hazikuondolei tiba baada ya kung'atwa, bado utachomwa mbili, siku ya 0 na ya 3. Faida yake ni kwamba hutahitaji tena kingamwili inayodungwa kwenye jeraha lenyewe, dawa ambayo mbali na miji mikubwa ni nadra kuipata. Uking'atwa au kulambwa kwenye mchubuko: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukisia, ndipo uanze safari ya hospitali.

Mwinuko. Cusco iko kama mita 3,400, na ndege inakutua pale bila kukuzoesha. Ukitoka uwanjani shuka moja kwa moja Ollantaytambo, mita kama 2,800, ulale huko usiku mbili tatu, halafu upande. Kambi ya Everest ni mita 5,364. Ukishavuka 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne lala palepale. Kichwa kikiuma na chakula hakipiti, usipande. Ukianza kupepesuka kama mlevi, au kuhema ukiwa umekaa, shuka saa hiyo hiyo, hata usiku. Kuna dawa, acetazolamide, inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Muulize daktari dozi, na mwambie kama dawa za salfa zinakudhuru.

Bima isome mistari midogo mambo matatu: mwisho wa mwinuko (nyingi zinaishia chini ya 5,364), uokoaji kwa helikopta, na kazi za mikono. Bima ya mtalii inaweza isimlipe aliyejikata na panga shambani.

Kamba

Lita 65 ni nyingi mno, utaijaza tu kwa kuwa ina nafasi. Lita 40 hadi 45, uzito usizidi kilo 10 bila maji. Kabla ya kununua pima urefu wa mgongo, kuanzia ule mfupa unaotokeza shingoni hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Mabegi huuzwa kwa kipimo hicho, na urefu wako wote hausemi kitu. Kuvaa: kaza mkanda wa kiuno kwanza, ukae juu ya mfupa wa nyonga na si tumboni, ndipo mabega, ndipo kifua. Mabega yakiuma baada ya saa moja, mkanda uko chini.

Kifuniko cha mvua kinaacha upande wa mgongo wazi na maji yanashukia humo. Weka mfuko mzito wa plastiki ndani, ukunje mdomo mara tatu.

Pawabenki huingia nayo ndani ya ndege, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, inapita.

KibegiTu

Nimebakiwa na moja. Lima kwenda Madrid, tiketi nafuu zinapitia Miami. Nabadilisha ndege tu, sitoki uwanjani. Kuna shida?

Mhuri

Ipo. Marekani hakuna kubadilisha ndege bila kupita uhamiaji, hata ukikaa saa mbili tu. Bila viza yao, ya kupita au nyingine inayofaa, shirika la ndege halikupandishi pale Lima. Chukua ya moja kwa moja, na kabla ya kulipia njia nyingine yoyote angalia masharti ya viza ya kila uwanja utakaotua.