Shemeji anataka nikate dai (kalibu ya chuma) la kubania maganda ya risasi. Nimkatalie?

Mkerezaji wa Ngamiani

Assalam aleykum wakuu, na wengine habari za jioni.

Nina karakana ndogo ya kukereza vyuma hapa Ngamiani, Tanga. Kazi zangu ni bushi, pini, shafti za mashine za mkonge zikija, na siku hizi bajaji ndizo zinazonilisha. Bunduki sina, na hapa kwetu mtu hajipakilii risasi nyumbani (yaani kulijaza upya ganda lililokwisha kupigwa), kwa hiyo hilo tusilifungulie mjadala. Swali ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yupo Afrika Kusini mwaka wa 11 sasa, analenga shabaha klabuni, ana leseni, na kule mwenye leseni huruhusiwa kujipakilia risasi zake mwenyewe.

Anatumia .308 Winchester, aina ya risasi ya raifo. Alivyonieleza ni hivi: ganda likishapigwa hutanuka likajaa chemba, lile tundu la bunduki risasi inamokaa. Ili litumike tena hulipaka mafuta, akalisukuma ndani ya dai kwa presi ya mkono. Dai linalibana ubavuni na kulirudisha nyuma kidogo bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingoni. Yeye anataka bega lirudi milimita 0.05 tu. Lisiporudi, risasi itagoma kuingia au bolti, komeo la bunduki, itafungwa kwa shida. Likirudi mno, kila likipigwa linavutika karibu na kitako, mwisho linakatika humohumo ndani ya bunduki.

Amenitumia WhatsApp vipimo vya maganda kumi, kutoka kitako hadi alama ya begani. Kabla ya kubanwa yote yalikuwa kati ya milimita 41.43 na 41.44. Baada ya kubanwa, saba ni 41.38 hadi 41.40. Moja 41.35. Na mawili ni 41.46.

Hayo mawili yasomeni tena. Yameingia 41.44 yakatoka 41.46. Kitu umekibana kikarefuka!

Yeye keshakata shauri kwamba dai ni bovu. Anakuja nalo Idi, nilifunge kwenye mashine nilikwangue chini "kidogo tu". Dai lenyewe limetiwa ugumu, kisu changu ndicho kitakachokwanguliwa. Na nikikataa, nyumbani kutakuwa na maneno. Lakini moyo unasita kwa sababu moja: kifaa kibovu ninavyokijua mimi hukosea upande mmoja siku zote. Hiki kinakosea huku na huku.

Fundi presi, Korogwe

Usikate kaka, utakuja kulilipa.

Kurefuka siyo uchawi. Kamata tyubu ya dawa ya meno, ibane tumboni, dawa inakwenda wapi? Juu. Ganda nalo likianza kubanwa ubavu, brasi inakimbilia begani na bega linasogea mbele. Ni pale mwishoni kabisa, kama unene wa karatasi hivi, ndipo bega linapokutana na bega la dai likasukumwa kurudi. Kwa hiyo yale mawili hayakubanwa sana, hayakufika.

Utauliza, mkono wa presi umefika chini vilevile, kwa nini ganda lisifike? Kwa sababu fremu ya presi nayo inanyumbuka. Mwambie ashushe mkono bila ganda, aone kile kipande kinachoshika kitako kinagusa dai. Kitagusa. Sasa aweke ganda, ashushe, ashikilie, na mtu amulike tochi kwa nyuma. Nina hakika kwa yale mawili ataona mstari wa mwanga katikati. Huo mwanga ndio hiyo milimita yake.

bibi_machungwa

Nimefungua nikijua ni maganda ya machungwa ya Muheza, wakuu. Naondoka taratibu.

Mzee wa Pangani

Bwana mkerezaji, shikamoo haikuhusu, sijui nani mkubwa. Nilikaa Namibia, nikafanya kazi karakana ya bunduki, na maneno hayohayo ya dai bovu niliyasikia kila wiki.

Muulize maswali manne. Maganda hayo ni ya kiwanda kimoja? Atazame maandishi ya kitakoni. Yamepigwa mara ngapi kila moja? Mafuta anapakaje? Na fataki iliyolipuka, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, anaitoa kabla ya kupima, au anapima nayo?

Hilo la mwisho watu wanalidharau. Fataki ikishapigwa, mara nyingi hujitokeza kidogo au huacha ukingo, ganda likikaa kwenye kalipa ya kupimia linachezacheza, halafu mtu anasema bega limehama. Aitoe kwanza.

Mafuta: ganda kavu linasukumwa kwa nguvu, presi inanyumbuka. Ganda lililolowa mafuta hadi begani linabonyea, kwa sababu mafuta hayana pa kwenda. Apake kwa kiasi kilekile, ubavuni, na shingoni kidogo sana.

Lakini mimi nashuku ugumu. Brasi unaijua wewe kuliko mimi.

Mkerezaji wa Ngamiani

Mzee wa Pangani, hapo umenigusa. Niliposoma "ugumu" nikaacha chai.

Zamani nilikuwa nachonga vikombe vidogo vya brasi kwa kugonga juu ya kalibu. Cha kwanza kinakaa kama udongo. Ukikigonga mara ya tano kinaanza kukurudia, umekikunja hapa, ukikiachia kinafunguka. Dawa yake moto, kikilainika unaanza upya. Na brasi si kama chuma cha kaboni, uipoze kwa maji au uiache ipoe yenyewe, ulaini ni uleule. Kumbe ganda lililopigwa mara nane ni kikombe changu kilichogongwa mara ya tano! Dai moja, presi moja, lakini kila ganda linarudi kwa kiasi chake.

Nampigia usiku huu.

Mzee wa Pangani

Mpigie, lakini kabla hajakimbilia moto mwambie: shingo na bega tu. Kitako kisiguswe na joto hata kidogo. Ndicho kinachozuia moshi wa baruti usimrudie usoni, na kikishalainika hakuna cha kukirudishia ugumu, hilo ganda ni la kutupa. Na lile la 41.35 apitishe ndani waya wa klipu ya karatasi uliokunjwa ncha, aburuze karibu na kitako. Waya ukinasa kwenye kijifereji, ganda limeanza kukatika.

Mkerezaji wa Ngamiani

Mrejesho, wiki moja na siku mbili.

Tochi imeonyesha mwanga, Fundi wa Korogwe, kama ulivyosema. Kwa yale mawili mwanga ulipita wazi, kwa mengine ni uzi tu.

Maandishi ya kitakoni: saba yale mazuri ni ya kiwanda kimoja, yamepigwa mara mbili. Yale mawili marefu aliyaokota klabuni, hajui yamepigwa mara ngapi. Waya haukunasa kwenye lile fupi, ila amelitupa kwa hofu, na mimi sikumzuia.

Nilimwambia ayatenge, atoe fataki kwanza, na kila ganda alishikilie chini ya mkono wa presi hadi ahesabu tano, alizungushe nusu duara, alibane tena. Halafu hesabu ya kikerezaji: dai linafungwa kwenye presi kwa thredi 14 kwa inchi, ukilizungusha mzunguko mmoja linashuka kama milimita 1.81, kwa hiyo 0.05 yake ni digrii 10 tu. Yeye alikuwa anazungusha robo nzima kwa kukisia! Sasa kachora mistari kwa kalamu kwenye nati ya kufungia.

Leo kaleta vipimo vya maganda ishirini ya kiwanda kimoja. Dogo 41.38, kubwa 41.40.

Dai linabaki hukohuko. Idi nimemwagiza aniletee kisu cha kabaidi.