Naomba ushauri: chokaa kwenye magofu ya kanisa la kale

Ndugu wanakikundi, heshima kwenu.

Ninaishi Norfolk, Uingereza, ambako najitolea kutunza magofu ya kanisa la enzi za kati, lenye kuta za mawe ya gumegume na chokaa. Zamani nyufa zilizibwa kwa saruji, ambayo hunasa maji ukutani, na mawe yakawa yanabanduka kila unyevu huo unapoganda. Tumeitoa kwa patasi na kuweka chokaa iliyolowekwa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga, lakini juu ya ukuta usio na paa ilimomonyoka baridi ilipoingia. (Mimi mtu wa Kilwa, chokaa ya matumbawe naijua, theluji siijui.)

Je, huko juu tutumie chokaa inayokaza hata penye unyevu, au tufunike kwa udongo na nyasi? Na kazi ya chokaa isimamishwe mwezi gani?