Michael Sam na Carl Nassib: kwanini mmoja alipokelewa na mwengine akapotea?

Mpokezi_Nungwi

Assalaam alaykum wanajamvi. Mie nipo risepsheni hoteli moja huku Nungwi na zamu yangu khasa ni ya usiku, ndo nilipojulia mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu, manake wageni wa Kimarekani msimu ukishaanza hawalali, mechi yao ya Jumatatu usiku huku kwetu inaanza saa tisa na robo za usiku wa kuamkia Jumanne na wao wanashuka na mashuka yao begani kuja kutizama TV ya kaunta. Mwanzo nilikuwa sielewi kitu, sasa hivi nabishana nao.

Juzi kukazuka ubishi baina ya mzee mmoja wa Texas na mkwewe. Mkwe anasema kule kwao sasa mchezaji akijitangaza kuwa ni shoga hakuna anayejali, watu wanataka ushindi tu. Mzee anasema si kweli, ingekuwa hakuna anayejali mbona Michael Sam alipotea? Mie huyo Sam sikuwa namjua, lakini Carl Nassib namkumbuka vizuri sana. Ilikuwa Septemba 2021, wageni wachache kwa ajili ya korona, nina mgeni mmoja tu macho, Raiders na Ravens wamekwenda mpaka muda wa nyongeza na nje kumeshakucha, Nassib wa Raiders akamfikia kwotabeki wa Ravens, yaani yule mrushaji mpira, Lamar Jackson, akamkumba mpira ukamtoka, Raiders wakaudaka na mwisho wakashinda 33-27. Yule mgeni akaanza kulia, nikadhani amepata habari ya msiba kwenye simu. Kumbe analia kwa ajili ya huyo Nassib, akanambia huyu ndo yule aliyejitangaza mwezi wa 6, na leo ndo mara ya kwanza mchezaji aliyejitangaza kucheza mechi ya NFL, ndo ligi yao kuu.

Sasa suali langu, huyo Sam kilichomuangusha ni mpira au ni kule kujitangaza? Na watu wa kule khasa wanaonaje, manake hawa wageni wawili wa nyumba moja hawaafikiani. Sijauliza halali na haramu, hiyo naijua, naomba tusitukanane.

Abuu_Jangombe

Waalaykum salaam. Yakhe mie nitasema wazi, dini yetu imekataza na sheria ya Zanzibar imekataza na mie nipo hapo hapo sitoki. Na si Waislamu tu, huko huko Marekani kuna Tony Dungy, kocha mkubwa, mtu mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, yaani fainali ya ligi yao, akiwa kocha mkuu, mkristo wa kweli kweli, mwaka 2014 aliulizwa akasema yeye asingemchukua Michael Sam kwa sababu ya mambo yatakayomfuata kwenye timu. Alishambuliwa sana kwa lile neno, ikabidi atoe ufafanuzi kwamba Sam anastahili nafasi ya kucheza ila yeye hakutaka zile kamera na maneno. Kwa iyo msidhani Marekani nzima ina rai moja.

Ila na hili niliseme, manake mtu ataulizwa kwa kila neno lake. Kijana katoa jasho lake uwanjani miaka minne, riziki yake imo mguuni, umnyime kazi kwa jambo ambalo halikumpunguzia hata hatua moja ya mbio, hapo mie naona dhulma, na dhulma nayo haramu. Mawili haya yote nayasema na sioni kama yanagongana.

Mtumbatu_Minnesota

Mpokezi nakujibu kwa urefu kidogo maana niko huku miaka mingi, nafanya kazi ghalani na Wamarekani wa kila aina, na Jumatatu asubuhi mazungumzo ni hayo hayo ya mpira wa jana.

Kwanza Sam mwenyewe. Alikuwa Chuo Kikuu cha Missouri, kazi yake kumkimbilia kwotabeki kutokea pembeni, na msimu wa 2013 shirika la habari la AP lilimchagua mchezaji bora wa ulinzi wa kanda ya SEC, na hiyo SEC ndo kanda ngumu kuliko zote kwa vyuo. Agosti 2013 kabla msimu haujaanza aliwaambia wenzake wa timu kuwa yeye ni shoga. Sasa hapa ndo pa kusimama kidogo. Timu ya chuo ni vijana zaidi ya mia, wana simu, wana Twitter, wana marafiki wa kike, na wale vijana wakakaa na lile jambo msimu mzima, wakashinda mechi 12 wakafungwa 2, wakashinda Cotton Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya mwisho wa msimu, na hakuna aliyekwenda kulitangaza. Mwenyewe ndo alilisema hadharani tarehe 9 Februari 2014. Siku chache baadae kikundi cha kanisa moja kinachozunguka na mabango ya kutukana kikaja pale chuoni, wanafunzi wakashikana mikono wakajipanga ukuta mrefu ili wale wasimfikie. Hayo ni Missouri, si New York wala San Francisco, ni jimbo la watu wa kanisa.

Halafu upande wa pili. Wiki ile ile wakubwa wa timu walizungumza na magazeti, majina wakayaficha, wakasema mpira bado haujawa tayari kwa jambo hili na kwamba litavuruga chumba cha wachezaji. Kabla hajasema, TV ya CBS walikuwa wamempanga nafasi ya 90 kwenye orodha yao ya vijana wanaotarajiwa kuchaguliwa, baada ya kusema wakamshusha mpaka 160. Siku ya drafti yenyewe, ndo ile siku timu zinapochagua vijana wa vyuo, alingoja siku tatu mpaka timu ya St. Louis Rams ikamchukua akiwa wa 249 katika watu 256. Akaonekana kwenye TV analia na anambusu mwenzake. Mchezaji mmoja wa Miami akaandika neno la dharau Twitter, timu yake ikamtoza faini na ikamzuia kuingia kambini kwa muda. Hapo ghalani kwetu watu waligawika vile vile, wapo waliozima TV na wapo waliosema kwani nini, mbona wengine wote wanabusu wachumba zao.

Ukitaka kujua umma umehama kiasi gani angalia kura za maoni za Gallup kuhusu ndoa za jinsia moja, mwaka 1996 waliounga mkono walikuwa asilimia 27, mwaka 2023 wakafika 71. Ila asilimia ya watu mtaani si ndo inayosaini mikataba, anayesaini ni mtu mmoja mzee ofisini, na huyo habadiliki kwa kasi ya mtaa.

Kocha_Gombani

Mtumbatu umeeleza vizuri sana lakini mpira wenyewe hujaugusa, na mie nimekaa na timu za madaraja ya chini huku Pemba miaka na nasema tuuangalie mpira pia.

Sam alikuwa na tatizo la umbo. Kwenye majaribio yao alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.91, kwa mtu wa pembeni hiyo si mbio, na alikuwa mfupi kwa wale wa kusimama mstari wa mbele na mzito kwa wale wa nyuma yao, yaani nafasi yake haieleweki. Tena akaangukia Rams ambao pale pale alipotakiwa kucheza walikuwa na Robert Quinn na Chris Long, na mwaka ule ule wakamchukua Aaron Donald, mtu ambaye baadae alikuja kuwa balaa. Kwenye mechi za maandalizi Sam alimwangusha kwotabeki mara 3, si haba hata kidogo, lakini nafasi ya mwisho wakampa Ethan Westbrooks ambaye hata kwenye drafti hakuchaguliwa. Tarehe 30 Agosti 2014 wakamwacha. Timu ya Dallas Cowboys wakamuweka kikosi cha mazoezi wiki chache, nao wakamwacha Oktoba. Mwaka 2015 akaenda Montreal kule Kanada, akacheza, kisha akaondoka akasema ni kwa ajili ya afya ya akili yake.

Kwa iyo ni mpira au ni kujitangaza? Mie naona suali lenyewe linakosea. Mchezaji wa mwisho mwisho kwenye orodha anaachwa kwa sababu ndogo kabisa, mie mwenyewe nishawahi kumwacha kijana kwa sababu alikuwa anachelewa gari ya Wete na mwengine wa kiwango kile kile anakaa karibu na kiwanja. Ukiwa wa 20 kwenye timu ya watu 20, kitu chochote cha ziada ulichonacho ni mzigo. Sam alikuja na kamera mia nyuma yake, mpaka mwandishi wa ESPN, TV ya michezo, akaripoti habari za jinsi anavyooga na wenzake, na ESPN wenyewe wakaomba radhi. Chris Long akawajibu kwamba watu wote wameshalivuka hilo isipokuwa wao. Unaona, wenye chumba hawana tatizo, wa nje ndo wanahangaika na bafu!

Sasa mtizame Nassib. Alipojitangaza Juni 2021 kwenye Instagram alikuwa ameshacheza miaka mitano na yumo ndani ya mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 25. Huyo si mtu wa kuachwa kwa minong'ono. Alisema lake, akatoa dola laki moja kwa Trevor Project wanaosaidia vijana wasijiue, ligi nayo ikatoa kiasi kile kile, na jezi yake ikaongoza kwa mauzo kwa siku ile kwenye duka kubwa la mtandaoni la jezi. Yaani tofauti ya Sam na Nassib khasa si miaka saba ya watu kubadilika, tofauti kubwa ni nani ana mkataba na nani hana.

BintiWete

Kocha mie hapo kwenye wenye chumba hawana tatizo nakupinga kwa heshima zote. Chumba kina watu wengi na wengine ndo wenye mamlaka. Kocha wa Nassib pale Raiders alikuwa Jon Gruden, hadharani alimuunga mkono vizuri tu. Oktoba ile ile ya 2021 zikatoka barua pepe zake za miaka ya nyuma zimejaa matusi kwa mashoga, na mojawapo analalamika kwamba Rams walishinikizwa kumchukua Michael Sam. Akajiuzulu tarehe 11. Na Nassib yule wa milioni 25 akaomba siku moja ya kupumzika asiende kazini, timu ikampa. Mimi ni muuguzi na nimekaa nikaifikiria sana ile siku moja. Umefanya kazi na mtu, amekupongeza mbele ya watu, halafu unasoma alichokuwa anaandika usipokuwepo. Mkataba hauzuii hilo.

Na wale waliokaa kimya mnawasahau. Esera Tuaolo, mtu mkubwa wa Hawaii mwenye asili ya Samoa, alicheza miaka tisa, na kule Minnesota kwa Mtumbatu pia, alijisema mwaka 2002 akiwa ameshastaafu. Alisimulia kwamba kila akifanya kitu kizuri uwanjani badala ya kufurahi alikuwa anaingiwa na khofu, kwamba atatokea mtu aliyemuona kwenye TV aseme namjua yule. Hebu fikirieni mchezaji anaogopa kucheza vizuri. Na Ryan O'Callaghan wa Patriots na Chiefs alisema mwaka 2017 kwamba alikuwa amepanga mpira ukiisha ajiue, alikwishapanga kabisa, na aliyemwambia siri yake alimsikiliza ndo akabaki hai. Mie kazini nimeona vijana walioletwa usiku na wazazi hawasemi sababu, kwa iyo hii kwangu si habari ya Marekani tu.

Huku kwetu tuna neno sitara. Wale vijana wa Missouri walimsitiri mwenzao msimu mzima na ndo kitu kilichonigusa kuliko vyote kwenye uzi huu. Ila Sam hakutaka kusitiriwa milele, alitaka asiwe na cha kusitiriwa, na hapo ndo Abuu na mie njia zetu zinaachana, sitamlazimisha anifuate.

Abuu_Jangombe

Bi dada nimekusoma na sijakasirika. Nakubaliana na wewe kwenye sitara, mtume katuamrisha. Kwenye hilo la mwisho tutabaki tulipo. Hilo la kijana kutaka kujiua lakini limenikaa, wallahi, hakuna anayefurahia hilo.

Mtumbatu_Minnesota

BintiWete umenipata kwa Tuaolo. Nakumbuka nilipofika huku mzee mmoja ghalani alinihadithia habari zake kwa masikitiko, anasema tulimshangilia pale uwanja wa Metrodome na hatukujua anabeba nini.

Naongeza moja kwa Kocha. Hili la kocha kumlinda mchezaji si jipya kama watu wanavyodhani. Vince Lombardi, ndo yule ambaye kombe la Super Bowl limepewa jina lake, mwaka 1969 alipokuwa Washington alijua kwamba wamo wachezaji mashoga kwenye timu yake, na imeandikwa kwamba aliwaonya wasaidizi wake atakayemdhihaki mmoja wao atatoka. Yeye mwenyewe alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja aliyekuwa hivyo. Na David Kopay aliyecheza chini yake pale pale Washington ndo mchezaji wa kwanza wa NFL kujisema, mwaka 1975, ameshastaafu. Kwa iyo kutoka Kopay mpaka Nassib ni miaka 46 kumpata mmoja wa kusema huku bado anacheza mechi za ligi.

Mpokezi_Nungwi

Nimesoma yote mara mbili, ahsanteni sana. Kocha hoja ya mkataba imenikaa, nilimtupia yule mzee wa Texas jana usiku akanyamaza kidogo, kisha akanambia sawa, lakini Raiders nao si walimwacha Nassib mwaka uliofuata? Hapo nikakosa la kusema.

Kocha_Gombani

Walimwacha Machi 2022, kweli kabisa, kocha mpya kaingia na mshahara wake ulikuwa mkubwa. Lakini mwambie na hili, Agosti mwaka huo huo Tampa Bay wakamsajili, na safari hii kila mtu anajua, hakuna mkataba wa zamani wa kumlinda, ameachwa huru kama Sam alivyokuwa huru, na bado timu ikamwita kazini. Akacheza msimu ule pale kisha Septemba 2023 akastaafu mwenyewe.

Mpokezi_Nungwi

Hiyo ya Tampa sikuijua. Basi inabidi nirudi kwenye hoja yako mwenyewe Kocha, manake kama 2022 alisajiliwa bila ya mkataba wa kumkinga basi na miaka nayo imefanya kazi yake, si pesa peke yake. Mzee yupo mpaka Alkhamis, nikiingia zamu leo namwambia.