Mrejesho: chatu wangu amekula panya wa friza

Wakuu, niliwauliza kwa nini chatu wangu mdogo anakataa panya waliogandishwa. Jana amekula! Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nawatia kwenye maji yanayochemka, nje wanaiva, katikati bado barafu. Safari hii panya nilimtoa friza, akalala kwenye jokofu la kawaida usiku kucha ndani ya mfuko uliofungwa ili ayeyuke, kisha nikautumbukiza mfuko kwenye maji ya moto kiasi mpaka akapata joto kama la panya hai, nyuzi 37 hivi. Nikambonyeza tumbo kuhakikisha hana barafu ndani, nikamkausha, nikampeleka kwa koleo ndefu. Chatu alimrukia papo hapo, hadi nilishtuka! Yule aliyekataliwa mwanzo nilimtupa, sikumgandisha tena. Mikono nimenawa kwa sabuni, salmonela (bakteria wa kuharisha) si ya kuchezea. Simshiki chatu kwa siku 2, asije akatapika. Asanteni sana.